Kaboni Ilizikwaje: Majaribio ya Klabu ya Sayansi kwa Shule za Moshi na Arusha

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili mimea ilipunguzaje hewa ukaa enzi za kale, atakujibu bila kufikiri: kwa usanisinuru. Jibu hilo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye kazi. Jani huvuta hewa ukaa mchana, lakini likidondoka na kuoza, karibu kaboni yote hurudi angani ndani ya miezi au miaka michache. Ili hewa ukaa ishuke na ibaki chini kwa mamilioni ya miaka, kaboni lazima ifike mahali isipoweza kurudi upesi: kwenye tope lisilo na oksijeni, ndani ya jiwe la chokaa, au kwenye vilindi vya bahari. Majaribio haya yamepangwa kutenganisha mambo hayo mawili, kukua na kuzikwa, kwa sababu ndiyo yanayochanganywa sana darasani.

Maabara ya kawaida ya sekondari inatosha. Kazi nzima huchukua kama majuma sita, na kinachokula muda ni azola, jimbi dogo linaloelea majini. Kwa hiyo anza na azola siku ya kwanza, ingawa maelezo yake yapo mbele kidogo.

Vitu vya kutafuta

Tafuta mizani ya dijitali inayosoma hadi 0.1 g, siki nyeupe ya asilimia 5, baikaboneti ya soda, kloridi ya kalsiamu, kiashiria cha bromothaimoli bluu cha asilimia 0.04 (huwa njano kwenye asidi, kijani katikati na bluu kwenye besi), chupa za jemu zenye vifuniko, chupa za plastiki za lita 1.5, maputo, mirija, rangi ya kucha isiyo na rangi na selotepu angavu. Mita ndogo ya TDS (hupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini), ile wanayotumia wauza vichujio vya maji, inasaidia ingawa si lazima. Miwani ya maabara ni lazima.

Soma lebo ya baikaboneti. Ile pauda ya kuumulia keki imechanganywa na wanga na asidi, hububujika ikiguswa na maji tu, na hesabu zote zinaharibika. Kabichi ya zambarau iliyochemshwa inaweza kushika nafasi ya bromothaimoli, lakini mabadiliko yake ya rangi karibu na pH 7 ni hafifu, na wanafunzi wa nyuma hawataona kitu.

Maji ndiyo yanayoangusha majaribio mengi huku kwetu

Maji ya visima na chemchemi nyingi zinazotoka Meru, na baadhi ya zile za Kilimanjaro, yamepita kwenye lava yenye sodiamu nyingi. Yana baikaboneti tele, na baikaboneti huyazuia maji yasibadilike kuwa asidi kirahisi. Unapuliza kwa mrija dakika tano, kiashiria kinagoma kuwa njano, na darasa linaondoka likiamini pumzi haina hewa ukaa. Kuchemsha hakusaidii: baikaboneti ya kalsiamu huganda na kutuama ndani ya birika, ya sodiamu hubaki majini.

Maji ya mvua peke yake yana kasoro ya upande wa pili. Hayana kinga yoyote, hivyo hata mmea ukimaliza hewa ukaa yote iliyomo, rangi huishia kijani badala ya bluu.

Tengeneza maji ya kati. Yeyusha 1 g ya baikaboneti kwenye 200 ml za maji ya mvua. Chota 10 ml za mchanganyiko huo, kisha ongeza maji ya mvua hadi ifike lita 1. Sasa una 0.05 g ya baikaboneti kwa lita. Yakitiwa kiashiria na kukaa wazi hewani yatakuwa bluu, na pumzi ya dakika moja au mbili itayafanya njano. Unapokinga mvua, acha kwanza dakika kumi na tano za mwanzo zisafishe vumbi la bati. Kiangazi tumia maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri za magari. Mweleze muuzaji waziwazi unataka maji, siyo asidi ya betri, maana chupa hufanana.

Chupa nne

Weka matone 10 ya bromothaimoli kwa kila 100 ml za maji yako, puliza kwa mrija hadi yawe njano, halafu acha kupuliza palepale. Wanafunzi wapulize tu, wasivute. Gawa kwenye chupa nne za jemu, 250 ml kila moja. Ya kwanza iwe na mmea wa majini na ikae kwenye mwanga. Ya pili iwe na mmea wa kiasi hichohicho, ifungwe kwa karatasi ya alumini. Ya tatu isiwe na kitu. Ya nne iwe na kiganja cha majani yaliyoanza kuoza. Funika zote kwa kukaza.

Mmea uwe ule unaoishi ndani ya maji kabisa, wenye majani membamba yaliyozama, kama unaoota kwenye mabwawa ya samaki na mifereji ya mashamba ya mpunga. Usitumie gugu maji wala azola hapa, kwa kuwa majani yao hunywa hewa ukaa kutoka angani na maji ya chupa hayatasikia chochote. Mifereji ya Lower Moshi ina kichocho, kwa hiyo mtu asiingie miguu mitupu. Vuta mmea kwa ndoano ya fimbo, vaa glavu, suuza mara tatu. Konokono mmoja aliyebaki kwenye jani anapumua usiku na mchana, naye anaweza kukufutia nusu ya matokeo.

Baada ya saa mbili hadi nne za mwanga mzuri, chupa ya kwanza itakuwa kijani na kuelekea bluu. Ya pili itabaki njano. Ya tatu ni shahidi: ikibadilika, kifuniko kinavuja, au chupa zimechomwa na jua la saa sita hadi gesi ikatoka majini kwa joto. Kivuli chepesi chenye mwanga mwingi kinafaa kuliko jua kali.

Walimu wengi hufungasha hapo. Wewe acha chupa usiku kucha. Asubuhi ya kwanza itakuwa imerudi nyuma kuelekea njano, kwa sababu mmea nao unapumua. Ile ya nne haijawahi kuwa bluu hata dakika moja. Dunia nzima hufanya hivyohivyo kila mwaka: vipimo vya hewa ukaa vya mlima Mauna Loa, Hawaii, alivyovianzisha Charles David Keeling mwaka 1958, hupanda na kushuka kwa takriban ppm 6 (sehemu 6 kwa kila milioni ya hewa) kadiri mimea ya kaskazini inavyochipua na kupukutika. Hiyo si kuzika. Ni mkopo unaolipwa kabla mwaka haujaisha.

Mizizi, mwamba na ukoko mweupe

Hili halina rangi wala mapovu ya kushangaza hadi dakika ya mwisho, lakini ndilo lililobeba uzito mkubwa katika historia ya sayari.

Hewa iliyo ndani ya udongo wenye mizizi huwa na hewa ukaa mara kumi hadi mia kuliko hewa ya nje, kwa sababu mizizi na vijidudu vinapumua humo. Maji yanayopenya huko huwa asidi hafifu. Asidi hiyo hulika mwamba, hutoa kalsiamu na magnesiamu, na hewa ukaa yenyewe hugeuka baikaboneti inayosafiri na mto hadi baharini. Kabla ya miti, kazi hii ilifanyika polepole kwenye mwamba mtupu wenye kuvu na mimea midogo. Visukuku vya msitu karibu na mji wa Cairo, jimbo la New York, Marekani, vina umri wa takriban miaka milioni 386, na vinaonyesha mifumo mikubwa ya mizizi iliyotandaa. Kuanzia kipindi hicho hewa ukaa ilishuka sana, na dunia ikaingia kwenye enzi ndefu ya barafu.

Chukua lita 2 za maji ya chemchemi au kijito kinachotoka mlimani, na lita 2 za maji ya mvua. Pima TDS ya kila moja kama una mita; ya mvua mara nyingi huwa chini ya 20, ya chemchemi ni mamia. Chemsha kila moja kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu hadi zibaki kama 50 ml. Sufuria ya alumini haifai, maana maji haya yakijikusanya huila. Mimina kwenye sahani ya kioo na uanike juani.

Maji ya mvua yataacha doa. Ya mlimani yataacha ukoko mweupe. Ikiwa mita ilisoma 400, tarajia chini ya gramu moja, kwa kuwa kuchemsha kwenyewe hurudisha hewani karibu nusu ya kaboni ya baikaboneti. Sasa dondoshea siki. Ukoko unatoa mapovu, na mapovu hayo ni hewa ukaa iliyokuwa imenaswa majini. Mtu asiulambe. Maji mengi ya Meru, hasa upande wa Ngarenanyuki, yana floraidi nyingi, na wewe umeikusanya ya lita mbili kwenye kijiko kimoja.

Kuna mambo mawili mwanafunzi makini atauliza, na ni haki yake. Kwanza, sehemu ya hewa ukaa katika maji ya milima ya volkano hutoka chini, kwenye magma, haikupitia mizizi. Pili, ukoko wetu una sodiamu nyingi, na sodiamu haijengi mawe ya chokaa baharini. Ndiyo sababu Natron kuna magadi. Kaboni iliyofungwa na kalsiamu au magnesiamu ndiyo inayohesabika kwa muda mrefu. Mapovu ya magadi ya sokoni yanavutia, lakini usiyatumie kama ushahidi wa jambo hili.

Kwenye vinamasi vya kipindi cha Kaboniferasi, miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita, njia ya pili iliongezeka: magogo yalizama kwenye maji yasiyo na oksijeni na kugeuka makaa ya mawe. Makaa yetu ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira ni ya baadaye kidogo, kipindi cha Pemia. Kipande kimoja mezani kinatosha kumaliza ubishi kama mmea unaweza kukaa chini miaka milioni 250 bila kuoza.

Ganda linazika, na ganda linarudisha

Hapa watu wengi, hata waliosoma, hujikwaa. Wanajua kombe na matumbawe yana kaboni, wakahitimisha kuwa kiumbe anayejenga ganda anapunguza hewa ukaa ya angani. Fanya majaribio mawili kwa mfuatano huu.

La kwanza ni kuonyesha kaboni imo. Bandua utando wa ndani wa ganda la yai (utando ukibaki hutoa povu linalopanda na kuziba shingo ya chupa), kausha, saga, pima 1 g. Mimina 50 ml za siki kwenye chupa ndogo. Ganda liweke ndani ya puto, vika puto shingoni, kisha inua puto ili unga udondoke. Kihesabu, siki ya 24 ml inatosha gramu moja, lakini mara mbili yake huharakisha. Gramu moja ya kalsiamu kaboneti safi hutoa 0.44 g ya hewa ukaa. Kwa kuwa tuko juu ya usawa wa bahari, gesi hiyo hujaza nafasi kubwa kuliko kwenye vitabu: takriban 270 ml Moshi mjini na 285 ml Arusha. Ganda la yai si safi kabisa, na sehemu ya gesi huyeyuka ndani ya siki, kwa hiyo ukipata pungufu hujakosea.

La pili ndilo la kushangaza. Yeyusha kloridi ya kalsiamu kwenye 200 ml za maji ndani ya chupa ya lita 1.5: 5.5 g kama lebo inasema haina maji, 7.4 g kama ni ile yenye molekuli mbili za maji. Pima haraka, maana inanyonya unyevu wa hewa na kuwa nzito mkononi mwako. Maji yatapata joto. Subiri yapoe, la sivyo mtu atasema gesi ililetwa na joto. Weka 8.4 g za baikaboneti kwenye puto, vika shingoni, inua, tikisa taratibu. Maji yanakuwa meupe kama maziwa, na puto linavimba.

Weupe huo ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ileile ya ganda. Na imetengenezwa huku gesi ikitoka. Kwa kila baikaboneti mbili, moja imekuwa jiwe na nyingine imerudi kuwa hewa ukaa. Matumbawe ya Zanzibar yanafanya hivi leo, na ndivyo vilivyofanya kokolitofo, viumbe vidogo sana vya bahari vilivyojenga miamba myeupe ya Dover, Uingereza.

Sasa rudi kwenye ukoko wa mlimani. Mwamba wa kawaida wa volkano unapolika, huchukua hewa ukaa mbili angani na kuzituma baharini kama baikaboneti mbili. Kiumbe anajenga ganda, anairudisha moja. Iliyobaki jiweni ni moja, na hiyo ndiyo faida halisi. Mwandikie mwanafunzi ubaoni kama daftari la duka: zimetoka mbili, imerudi moja. Kama mwamba uliolika ulikuwa wenyewe ni chokaa, hesabu inakuwa sifuri, kwa sababu ilitoka moja tu angani na ndiyo hiyo iliyorudi.

Makosa ya kawaida: puto halivimbi kabisa. Karibu kila mara mtu ametumia magadi ya sokoni au soda ya kufulia badala ya baikaboneti. Soda ya kufulia na kloridi ya kalsiamu hutoa weupe bila gesi. Magadi, ambayo ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, hutoa gesi kiduchu. Usitupe kosa hilo, liweke mezani kando ya chupa iliyofaulu na uwaulize tofauti ni nini. Puto lililofaulu nalo halitafikia lita 1.3 za hesabu. Sehemu imeyeyuka majini.

Chuja weupe kwa kitambaa kizito, kausha, pima. Hesabu ni 5 g, ukipata 4 umefanya vizuri.

Kuzama

Hapa hakuna haja ya muda mrefu. Jaza maji kwenye chupa mbili ndefu. Kwenye moja nyunyiza majivu laini yaliyochekechwa, kwenye nyingine dondosha kidonge cha majivu hayohayo yaliyofinyangwa na unga kidogo wa ngano uliopikwa. Kidonge kinafika chini ndani ya sekunde. Majivu yataelea kama ukungu hadi kesho.

Chembe moja ya planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea baharini, huzama kwa mita moja hivi kwa siku au chini ya hapo; kinyesi cha wanyama wadogo wa bahari na mabonge ya mabaki huzama kwa mita 100 kwa siku na zaidi. Bahari ya kina cha mita 4,000 inahitaji miaka 11 kwa mwendo wa kwanza na siku 40 kwa wa pili. Kinachochelewa huliwa na bakteria njiani, na kaboni yake hurudi juu.

Hii ndiyo sababu rutuba peke yake haitoshi. Mtaalamu wa bahari John Martin alipendekeza mwaka 1990 kuwa vumbi lenye chuma lililovuma kwenye Bahari ya Kusini wakati wa enzi za barafu lilistawisha planktoni na kusaidia kushusha hewa ukaa. Viputo vya hewa kwenye barafu ya Antaktika vinaonyesha kushuka kwenyewe: takriban ppm 190 kwenye kilele cha enzi ya barafu ya mwisho, dhidi ya 280 kabla ya viwanda na zaidi ya 420 leo. Majaribio ya kumwaga chuma baharini yalianza mwaka 1993. Planktoni walistawi kweli, lakini mara nyingi kaboni ilirudi kabla ya kuzama mbali. Lile la mwaka 2004 katika Bahari ya Kusini lilikuwa tofauti: diatomu, aina ya planktoni, zilishikamana, na sehemu kubwa ilishuka chini ya mita 1,000.

Azola: beseni moja, makaburi mawili

Mwaka 2004 meli za utafiti zilichimba mgongo wa Lomonosov, safu ya milima chini ya bahari karibu na Ncha ya Kaskazini, na kukuta tabaka lenye mabaki ya azola la angalau mita 8, la takriban miaka milioni 49 iliyopita. Bahari ya Aktiki ilikuwa karibu imefungwa pande zote, juu kukiwa na maji baridi ya mito yasiyo na chumvi na chini kukikosa oksijeni. Azola iliota juu, ikafa, ikazama bila kuoza. Hali hiyo ilidumu takriban miaka 800,000. Wakati huo hewa ukaa kwa makadirio mengi ilikuwa zaidi ya ppm 1,000, na baadaye ilianza kushuka. Sehemu ya azola katika kushuka huko bado inabishaniwa, lakini namna ya kuzika haina ubishi, na beseni linaionyesha.

Beseni la kipenyo cha sm 60. Tandaza kilo 2 za udongo uliochekechwa uliochanganywa na 200 g za samadi iliyooza vizuri, jaza maji hadi kina cha sm 10, acha siku mbili yatulie. Weka 50 g za azola. Wafugaji wa kuku wengi wanayo. Kivuli cha nusu kinahitajika, hasa Moshi mwezi wa Januari na Februari. Hali ikiwa nzuri huongezeka maradufu kwa siku tatu hadi tano. Arusha mwezi Juni na Julai itajivuta, usihangaike. Ikiwa nyekundu na ndogo, mara nyingi imekosa fosforasi au imechomwa na jua; ongeza samadi kiganja kimoja na usogeze kivulini. Nitrojeni haikusumbui, kwani bakteria wanaoishi ndani ya jani wanaikamata angani.

Beseni likifunikwa lote utakuwa na kama 300 g. Ichuje kwenye chekecheke na kuigandamiza kwa kitambaa kabla ya kupima. Maji kwenye mizizi yanaweza kuongeza uzito hata kwa theluthi. Kausha 100 g juani siku tatu. Zitabaki kama 6 g. Takriban asilimia 40 ya hizo ni kaboni, yaani 2.4 g, sawa na karibu 9 g za hewa ukaa.

Gawa 200 g zilizobaki kwenye soksi mbili za nailoni. Moja iweke kwenye ndoo wazi yenye unyevu, igeuzwe kila baada ya siku mbili. Nyingine ifukie chini ya sm 10 za tope kwenye chupa iliyojaa maji, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Usikikaze: tope litatoa methani, na chupa inaweza kupasuka. Moto usisogezwe. Baada ya majuma manne suuza, kausha, pima. Iliyofukiwa kwa kawaida hubaki na uzito mkubwa zaidi. Tofauti ikiwa ndogo, tope lilikuwa jembamba au limetikiswa. Bila soksi utapima tope, siyo azola.

Kusoma kiwango cha zamani kwenye jani

Hewa ukaa ikiwa nyingi, jani jipya huhitaji stomata (vitundu vya kupitishia hewa) chache kupata mahitaji yake. Mtaalamu wa mimea F. Ian Woodward alionyesha mwaka 1987, kwa majani yaliyohifadhiwa makavu Uingereza, kuwa wingi wa stomata za miti kadhaa ulipungua kwa takriban asilimia 40 katika miaka 200. Visukuku vya majani husomwa kwa njia hiyohiyo.

Tumia jani la kahawa: ni laini, na stomata zake ziko upande wa chini. Chukua jani lililokomaa la tatu au la nne kutoka ncha. Futa vumbi, paka rangi ya kucha safu moja nyembamba kati ya mishipa, subiri dakika kumi, bandika selotepu, bandua, na ubandike kwenye kioo cha hadubini. Rangi ikiwa nzito utaona ukungu. Ikiwa haijakauka itavutika na kubadili umbo la seli.

Tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Kama lenzi ya jicho imeandikwa 18, kipenyo cha unachokiona ni 18 kugawa 40 (ukuzaji wa lenzi ya chini), yaani mm 0.45, na eneo ni mm² 0.16. Ukihesabu stomata 30, wingi ni kama 190 kwa mm². Hesabu maeneo kumi kwa jani, majani matano kwa mti. Stomata iliyokatwa na ukingo ihesabiwe upande mmoja tu wa duara. Hesabu pia seli za kawaida za ngozi, kisha tafuta asilimia ya stomata katika jumla ya zote. Kipimo hiki hakiyumbishwi sana na ukame au ukubwa wa jani kama wingi kwa eneo.

Hewa ukaa ikishuka sana, mimea yenyewe hubadilishana nafasi. Nta za majani kwenye mashapo ya Ziwa Chala, mashariki mwa Kilimanjaro, zinaonyesha nyasi za C4, kundi la mahindi na miwa, zilitawala wakati wa enzi ya barafu ya mwisho, palipokuwa pakavu na hewa ukaa ikiwa ndogo. Kahawa na migomba ni C3, na wao huteseka zaidi hewa ukaa ikipungua. Usilinganishe basi stomata za muwa wa tambarare na za kahawa ya mlimani.

Wala usilinganishe kahawa ya Marangu na ya Moshi mjini ukidhani unapima hewa ukaa. Kadiri unavyopanda, shinikizo lake hupungua kweli, lakini mwanga, joto na ukungu navyo hubadilika, na kivuli cha mgomba peke yake kinatosha kuhamisha hesabu. Linganisha mti uleule, jani la juani na la kivulini, ili darasa lione ukubwa wa kelele kabla ya kutafuta ishara. Majani makavu ya zamani yapo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mimea, Arusha, ila ni lazima kuomba ruhusa, na rangi ya kucha haipakwi kwenye sampuli za hifadhi hata chembe: huondoka na ngozi ya jani.